Masikio ya Mchungaji Jeremiah

Masaka, Kigali
3 Februari 2025

Kwa Bibi Winifred, mke wangu wa kwanza,

Kuanzia wiki hii, Bibi, hakuna barua itakayotembea Afrika Mashariki bila kupita mkononi mwangu. Marais wataandika, maaskofu wataandika, wachumba watalia kwenye karatasi, na wote watanihitaji mimi. Usicheke. Kaa chini kwanza, maana najua unasoma umesimama mlangoni ili majirani waone umepata barua.

Unamkumbuka yule mwalimu wa hesabu aliyesema nikiacha shule kidato cha pili nitaishia kuchunga mbuzi? Mpelekee salamu. Mwambie mchunga mbuzi sasa anatengeneza stempu za posta. Ndiyo, stempu! Karakana yetu ya Gikondo, ile ya Silvère inayochapa kadi za harusi na mabango ya mikutano ya injili, imepewa kazi ya stempu nne za kuwakumbuka makasisi wa jeshi waliofia vitani. Posta ya nchi gani, siwezi kukwambia, ni siri ya ofisi. (Silvère hajaniambia.) Silvère ni bosi, mimi ni ubongo.

Sasa sikiliza. Makasisi watatu wamepatikana na picha zao. Wa nne hawakumpata, wakataka kuweka njiwa. Njiwa, Bibi! Nikasimama nikasema, "Bosi, huyo njiwa kaangeni. Babu yangu alikuwa mchungaji wa jeshi, alikwenda vita vya Kagera na biblia yake mkononi, akafia Uganda mwaka sabini na tisa. Andika: Mchungaji Jeremiah." Silvère akanitazama juu ya miwani, akalitafuna jina langu kama kawaida yake. "Sipiriyani, kila kitu kwako iko babu yako." Maana wiki iliyopita nilimwambia Babu ndiye aliyevumbua kahawa ya Karagwe. Lakini wakubwa wameuliza kanisani kwenu, jina wamelikuta, wamekubali!

Kinachokosekana ni uso tu. Nitumie ile picha ya ukutani.

Halafu usishtuke kuona nakaa Masaka. Hii ni Masaka ya Kigali, ya vishamba vya mihogo na nyumba mpya, si ile Masaka ya Uganda alikofia Babu.

Mjukuu wako, msanii mkuu wa posta zote,
Cyprian


Nyakahanga, Karagwe
19 Februari 2025

Kwako mume wangu mdogo,

Barua yako nimeisoma nimekaa, na majirani wameona vilevile. Biblia inaandikwa kwa herufi kubwa, msanii mkuu. Na huyo njiwa ni Roho Mtakatifu, usiseme akaangwe.

Unasema Jeremiah atakuwa shujaa kwenye stempu. Jeremiah alikuwa anamwogopa jogoo wa mama yangu. Siku aliyokuja kuposa alimalizia maneno yake akiwa amepanda juu ya benchi, suruali ameishika hivi. Mwanamume huyohuyo ndiye aliyetambaa chini ya risasi ili askari mmoja asife bila kuombewa, na hakurudi. Mpaka leo najiuliza yule mwoga wangu alikwenda wapi. Kama stempu inaweza kuwaonyesha wote wawili, itengenezeni.

Jambo la pili. Nasikia stempu hulambwa mgongoni, kisha posta wanaipiga muhuri usoni. Waambie wakubwa wako kwamba mume wangu alishapigwa ya kutosha. Muhuri wapige pembeni.

La tatu, na hapa nyamaza usikie. Picha hiyo ni moja tu duniani. Nyingine tuliziacha tulipokimbia vita na hatukuzikuta. Sasa nina miaka themanini na moja. Jina lake silisahau, wala sauti yake mbaya ya kuimba. Lakini uso unanitoroka, Cyprian. Kuna asubuhi naamka namtafuta kichwani simpati, mpaka nitazame ukutani ndipo anarudi. Naogopa nije nife, nifike huko, nikute wachungaji wamepangwa wote wamevaa nyeupe, nisijue wa kwangu ni yupi. Nitamkumbatia mume wa mtu.

Kwa hiyo picha sikuipa posta. Nimempa Ndihokubwayo, dereva wa lori la maharage, nimemwapisha mbele ya mwinjilisti. Irudi kabla ya Pasaka.

Bibi yako,
Winifred


Gikondo, Kigali
6 Machi 2025

Kwa Bibi mwenye masharti,

Babu amefika salama. Ndihokubwayo alimleta ndani ya sufuria yenye mfuniko, amefungwa kanga, na akakataa kunipa mpaka nionyeshe kitambulisho. Mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa na kamasi! Nikamwambia, "Ndihokubwayo, mimi si ndiye Cyprian?" Akasema, "Cyprian ninayemjua ndiyo sababu naomba kitambulisho."

Bibi, mumeo alikuwa mtanashati, hongera. Tatizo ni kwamba ukuta wako una unyevu. Shavu la kushoto limeota ukungu, na kwenye paji la uso kuna tone la chai, sijui nani alikuwa anamnywesha. Lakini huna haja ya kuhangaika. Hapa karakana kuna sheria ya Silvère imebandikwa ukutani: picha ya zamani kwanza ipite kwenye mashine itolewe nakala, ndipo mtu aiguse. Ni sheria ya waoga, wale ambao mikono yao ni mizito. Mimi nina mkono wa kuweza kumvua nzi viatu. Mashine leo ina foleni ya kadi za harusi, basi nimeona nisipoteze muda, nimsafishe kwanza.

Utampokea Babu akiwa amenawa uso.

Mkono mwepesi wa Gikondo,
Cyprian


Gikondo, Kigali
7 Machi 2025

Kwa Bibi yangu mpendwa sana, mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima wa afya, na kuku pia wazima.

Kazi inaendelea vizuri mno. Ofisi imenituma nikuulize mambo machache madogo, ya kawaida tu, kwa ajili ya kumbukumbu. Je, Babu alikuwa na masharubu? Pua yake ilikuwa ya kukaa au ya kusimama? Masikio yalilala au yalijitenga na kichwa? Na ukimtazama, kwa maoni yako wewe kama mke, alifanana na nani katika ukoo?

Jibu upesi. Maswali haya si yangu, ni ya ofisi.

Wako mtiifu,
Cyprian


Nyakahanga
22 Machi 2025

Kwako mtiifu (tangu lini?),

Umenisalimia mpaka kuku. Nimeogopa, nikadhani umefungwa.

Una picha mkononi halafu unaniuliza masikio? Hiyo ofisi yenu imejaa vipofu? Haya, andika. Masharubu hakuwa nayo. Alijaribu, yakaota upande mmoja. Pua ya kukaa. Masikio yalijitenga kama milango iliyosahauliwa wazi. Wakati wa ibada ya asubuhi jua lilikuwa likipita nyuma yake, yanakuwa mekundu, na sisi wasichana wa kwaya tunacheka mpaka tunakosa mstari. Ndivyo nilivyoanza kumpenda, kama hukuwa unajua.

Kufanana: swali la kijinga. Tangu uzaliwe kijiji kizima kinasema wewe ni Jeremiah mtupu. Kwa nini unadhani nakuita mume wangu? Ingawa yeye aliomba ruhusa kabla ya kula ndizi za watu.

Pasaka inakaribia. Ukuta una msumari mtupu, kila mgeni anauliza.

Bibi


Masaka, Kigali
14 Aprili 2025

Bibi, piga vigelegele!

Stempu imepita! Wakubwa wameitazama, wametikisa vichwa kwa kukubali, wamesema kati ya zote nne hii ndiyo yenye uhai. Uhai, Bibi, ndilo neno walilotumia. Pretty, yule dada wa mapokezi, alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Cyprian, sha, huyu mchungaji ana macho ya mtu anayedaiwa soda." Nikamwambia hayo ni macho ya imani. Silvère aliishika karatasi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Huyu mzee mimi namujua wapi?" Nikamjibu watu wema hufanana, bosi. Akasema, "Yego," yaani ndiyo, akaenda kula.

Kuhusu picha: Pasaka hii haitawahi. Imefungiwa kwenye kabati la chuma pamoja na vitu vyote vya thamani vya karakana, na mwenye ufunguo amesafiri. Wanaitunza kama yai. Hata mimi siruhusiwi kuiona.

Kula pilau kwa niaba yangu.

Aliyepitishwa na wakubwa,
Cyprian


Gikondo, Kigali
30 Mei 2025

Bibi,

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nzima ya stempu, Babu mara ishirini. Usizilambe zote. Zimeshatoka, watu wananunua, jana nimeona bahasha inaenda Ubelgiji na Babu kwenye kona, ametulia kama aliyelipa nauli.

Picha inakuja. Mwenye ufunguo karibu atarudi.

Cyprian, mjukuu wa stempu


Nyakahanga
16 Juni 2025

Kwako Cyprian,

Stempu zilifika Ijumaa. Nilivaa miwani, nikatazama, nikasema kwa sauti nikiwa peke yangu: "Siye."

Jumapili mwinjilisti akazipeleka madhabahuni. Usharika mzima ulipanga foleni wakitazama kwa kioo cha kukuzia cha mzee wa kwaya. Kila mtu akawa anasema, "Ndiye! Ndiye kabisa!" Watu ambao walizaliwa Jeremiah ameshakufa! Scovia, yule wa sauti ya kwanza, ndiye pekee aliyesita. Akasema, "Mbona mchungaji anafanana na yule Cyprian aliyeuza ulimi wa kengele yetu kwa wanunuzi wa vyuma?" Nikamjibu, wewe ulitaka afanane na nani, na ni babu yake? Watu wakapiga makofi. Tukaimba. Nikalia kidogo, kwa heshima.

Lakini nyumbani nimetazama tena. Masikio yamelala. Na la kushoto lina tundu. Jeremiah alitoboa sikio lini?

Nirudishie picha yangu niwaweke hawa wawili pamoja, nione kasoro iko wapi. Stempu ni ya serikali, picha ni ya kwangu.

Bibi


Masaka, Kigali
27 Juni 2025

Kwa Bibi mwenye macho ya mwewe,

Tundu ni nukta ya wino. Mashine za siku hizi hupiga chafya. Masikio yamelala kwa sababu stempu ni nyembamba, yangetokeza nje yangekatwa na mkasi wa posta, ni mambo ya kitaalamu haya.

Picha nilikuwa nishaifunga vizuri nimpe Ndihokubwayo, lakini lori lake limeharibika huko Rusumo, nasikia injini imekufa kabisa, maskini. Tumwombee.

Cyprian


Nyakahanga
13 Julai 2025

Kwako Cyprian,

Ndihokubwayo alipita hapa wiki jana na lori lake zima, akanywa chai, akala viazi viwili. Anasema alikuona Gikondo, ukajificha nyuma ya bango la harusi la watu, miguu yako ikawa inaonekana chini ya bibi harusi. Anasema alikuita, bango likamjibu, "Hayupo."

Nilitaka kukuandikia matusi. Nilishapanga na mengine ya Kihaya. Lakini sikuyaandika, na nitakwambia kwa nini.

Nimeiweka stempu moja kwenye msumari. Nimekuwa nikiitazama kila siku, na kila siku ile sauti ya kusema "siye" inapungua. Wiki iliyopita nilimwota. Alikuja na masikio yaliyolala, na tundu. Nikaamka nimefurahi kwamba nimemwona, halafu nikakaa kitandani nikafikiri: basi mimi ndiye niliyesahau. Usharika wote unasema ndiye. Wasomi wa Kigali walikuwa na picha mbele yao, wanasema ndiye. Mimi kikongwe nisiyekumbuka nimeweka wapi miwani iliyo usoni kwangu ndiye ninayebisha. Masikio niliyokuwa nikiyacheka kwayani labda yalikuwa ya mchungaji mwingine. Tundu labda walimtoboa jeshini. Jeshini wanafanya mengi.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, picha usiirudishe. Nimekusamehe kuchelewa. Iacheni hukohuko kwenye kabati. Sasa naogopa isije ikarudi, nikaitazama, nikamkuta humo mtu nisiyemjua.

Nakula vizuri. Ule mguu uliokuwa ukiniuma umepoa.

Bibi yako,
Winifred


Masaka, Kigali
24 Julai 2025

Bibi,

Umeniambia picha nisiirudishe. Tangu Machi nilikuwa nikiomba useme hivyohivyo. Barua ilinifikia mchana, nikaagiza mishikaki ya mbuzi kusherehekea, ikapoa mbele yangu. Pretty akauliza kama naumwa. Sijawahi kuacha nyama, unanijua.

Hujasahau kitu, Bibi. Siku ile ulipovaa miwani ukasema "siye", wewe peke yako ndiye uliyeona sawa, na usharika mzima na kioo chao walikosea. Uso ulio kwenye stempu ni wangu. Pretty alinipaka unga wa muhogo kichwani niwe na mvi, kofia tuliazima kwa mlinzi wa bohari ya jirani, na kola nyeupe ya uchungaji ni kipande cha kadi ya mwaliko wa harusi. Ukikigeuza utasoma "karibuni sana". Tundu ni la hereni. Nilitoboa Nyamirambo mwaka juzi, nikakuficha, maana ulisema mjukuu wako akivaa hereni utavaa suruali.

Wewe mwenyewe uliandika kwamba mimi ni Jeremiah mtupu. Nilipoisoma hiyo niliruka juu, nikaona Mungu amejibu. Sikujali sehemu ya masikio. Nilisema bibi kizee gani atahesabu masikio kwenye kitu kidogo kuliko ukucha wa gumba?

Kwa hiyo ing'oe hiyo stempu kwenye msumari leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Ng'oa kwanza, nakungoja. Na akikujia tena ndotoni mwenye masikio yaliyolala, mfukuze, mwambie aende kwao Masaka akalale. Wako ni yule wa masikio ya milango wazi, mekundu jua likipita, asiyeweza kuota masharubu pande zote mbili. Huyo ndiye. Ulimwandika vizuri kwenye barua ya Machi hata mimi nilimwona, na sijawahi kumwona akiwa hai. Barua hiyo nakurudishia humu ndani. Uisome kila asubuhi badala ya kutazama ukutani.

Leo nimemwambia Silvère pia. Alichukua karatasi ya stempu, akaiweka karibu na sikio langu, akatazama huku, akatazama kule. Sikuwahi kumwona mtu akikosa Kinyarwanda, Kifaransa na Kiswahili kwa mara moja. Mwishowe akasema, "Mimi nirijua hiyo sikio." Amekwenda kuwaambia wakubwa. Labda watazikusanya stempu, labda wataniweka ndani, labda watamrudisha njiwa. Zilizokwisha kuuzwa zimeuzwa, watu wananilamba mgongo mpaka Ubelgiji na sistahili.

Nimekuwa nikizunguka, Bibi. Unaona mwenyewe nimeandika kurasa mbili sijafika. Ungekuwa hapa ungesema, "Cyprian, tema."

Hakuna kabati la chuma. Hakuna mwenye ufunguo. Ile jioni ya tarehe sita Machi, baada ya kukuandikia, nilichukua pamba nikaichovya kwenye tina, ile tunayofutia wino kwenye mashine. Silvère alikuwa amekwenda Rwezamenyo kununua karatasi. Nilitaka akirudi akute shavu ni safi, aseme huyu kijana ni hatari. Nikapangusa mara moja tu, taratibu, kwa mkono huu mwepesi. Ukungu haukutoka. Uso wote ndio uliokuja na pamba.

Cyprian